Walisaini Kigali, Bili Imeletwa Gerezani

Kila baada ya miaka ishirini na kitu, wakubwa wa dunia hukutana kwenye ukumbi wenye kiyoyozi na kukubaliana kwamba gesi iliyomo ndani ya viyoyozi inaiangamiza dunia. Wanapiga makofi, wanapiga picha ya pamoja, wanarudi hotelini. Kisha bili inaanza safari. Inapita kwa mwenye kiwanda cha kemikali, naye anaongeza faida yake. Inapita kwa mtengeneza magari, naye anaisukumia kwenye bei. Inapita kwa muuza magari ya mtumba kule Yokohama, naye anasema haimhusu. Mwisho inatua kwa fundi wa AC za magari pale Gerezani, Dar es Salaam, mwenye geji moja, pampu ya vakyumu iliyoungwaungwa na mtungi mmoja wa rangi ya bluu. Huyo ndiye analipa. Akishindwa kulipa, tunamwita mharibifu wa mazingira.

Sina ugomvi na ozoni. Nalisema hilo mapema kabla waungwana wa mazingira hawajaniandikia barua. Gesi ya kwanza, R12, ilikuwa balaa kweli. Mwaka 1930 mkemia wa Marekani, Thomas Midgley, aliyekuwa akiifanyia kazi General Motors, alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akaivuta gesi hiyo mapafuni, kisha akaipuliza kwenye mshumaa ukazimika. Haiui na haiwaki: hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake, na dunia ikainunua. Mwaka huohuo General Motors na DuPont wakaunda kampuni ya kuizalisha. Mpaka 1974 ndipo Mario Molina na Sherwood Rowland walipoonyesha kwamba klorini ya gesi hizo ikifika juu angani huila ozoni. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza waliokuwa wakipima anga la Antaktika wakatangaza kwamba tabaka limetoboka. Tarehe 16 Septemba 1987 Itifaki ya Montreal ikasainiwa. Kila nchi duniani imeiridhia, na ozoni inapona. Heko kwao.

Sasa tazama gharama ilivyogawanywa, maana hapo ndipo penye kidonda.

Kubadili gesi ya gari si sawa na kumwaga maji ya chai ukamimina ya kahawa. R12 ilikwenda na oili ya madini. R134a, iliyokuja kurithi nafasi yake, haichanganyiki na oili hiyo. Inataka oili nyingine ya sintetiki, la sivyo kompresa inazunguka kavu na kujisaga yenyewe. Mipira ya zamani iliivujisha. Oringi zilitakiwa za aina nyingine. Hata mdomo wa kujazia ulibadilishwa makusudi ili mtu asikosee, kwa hiyo geji ya zamani ikageuka chuma chakavu. Fundi aliyekuwa ametumia akiba ya miaka kununua vifaa vya R12 alianza upya, na hakuna aliyemuuliza hizo hela atazitoa wapi.

Nchi tajiri ziliacha kuizalisha R12 ifikapo mwaka 1996. Sisi tulipewa hadi 2010. Watu wanaisimulia ile nafasi ya miaka kumi na minne kama hisani. Pale chini ya boneti maana yake ilikuwa hii: kwa muda wote huo fundi wetu alitakiwa kuwa na seti mbili za kila kitu, huku magari yaliyobadilishwa nusunusu yakimwagika bandarini, lebo ikisema hili na ndani kukiwa na lile. Na msidhani wakubwa wenyewe waliyapokea mabadiliko kwa ustaarabu. Katikati ya miaka ya 1990 gesi ya R12 ilikuwa ikiingizwa Marekani kwa magendo, na kule Miami maofisa wa forodha waliitaja pamoja na kokeini. Ndiyo, gesi ya kupoza gari! Kwa hiyo fundi wa Tandale akikwambia gesi imepanda, usimwone mjanja.

Tukaizoea 134. Vijana wakajifunza, vyuo vya ufundi vikaifundisha, maduka ya Kariakoo yakajaza mitungi yake ya bluu ya kilo 13.6. Mambo yalipotulia tu, ikaja habari kwamba nayo ni mbaya. Haigusi ozoni, ni kweli, ila inatega joto. Kilo moja ya R134a ikiingia hewani inapasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa. AC ya gari dogo hubeba kama nusu kilo. Fundi akifungua nati na kuiachia ile nusu kilo iende zake, amefanya kazi ya kilo 715 za hewa ya ukaa kwa sekunde chache, karibu sawa na kuchoma lita 300 za petroli. Hesabu hiyo siipingi hata kidogo. Ninachokipinga kinafuata.

Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo: kuanzia 2011 aina mpya za magari, na kuanzia 2017 kila gari jipya, lisitumie gesi yenye nguvu ya kupasha joto inayozidi 150. Nani alikuwa na jibu mkononi? Honeywell na DuPont. Walikuwa na gesi iitwayo R1234yf, yenye nguvu ya 4 tu kwa kipimo kilekile kinachoipa 134 ile 1,430. Na walikuwa na hataza zake. Hebu rudi juu kidogo, msomaji: DuPont ndiyo iliyoshirikiana na General Motors mwaka 1930 kutuuzia R12. DuPont ndiyo iliyokuwa miongoni mwa waliotuuzia 134 kama tiba ya R12. Na DuPont, ambayo biashara yake ya gesi leo inaendeshwa na kampuni iliyozaliwa kutoka tumboni mwake, Chemours, ndiyo imerudi na dawa ya ile 134. Tabibu gani huyu, kila dawa yake inazaa ugonjwa unaohitaji dawa yake nyingine, na kila mara hataza ni mpya na bei imepanda?

Wala si mimi tu niliyenusa harufu. Oktoba 2014 Kamisheni ya Ulaya iliziandikia kampuni hizo mbili hati ya tuhuma, ikisema kwa maoni yake ya awali kwamba makubaliano yao juu ya gesi hiyo huenda yanabana ushindani. Miaka miwili kabla yake, Septemba 2012, Daimler, watengenezaji wa Mercedes, walitangaza kwamba katika majaribio yao gesi mpya ikichanganyika na oili ya kompresa na kurushwa kwenye injini ya moto, inawaka na kutoa hidrojeni floridi, kitu kinachounguza mapafu. Wakagoma kuitumia. Ufaransa ikazuia baadhi ya magari yao kusajiliwa. Wataalamu wengine baadaye walisema hatari haikuwa kubwa kiasi hicho, na Mercedes wakaishia kuitumia kwenye baadhi ya magari yao huku kwenye mengine wakiweka hewa ya ukaa yenyewe kama gesi ya kupozea. Ukitaka kujua fundi wetu atapata nini siku gari hilo la mwisho likifika mtaani, jua kwamba presha yake upande wa juu inapita bar 100, wakati 134 inacheza kwenye 15 hadi 20. Geji ya Kariakoo haitasoma. Itapasuka.

Na kabla hatujamaliza hata kununua vifaa vya yf, tayari imeshashtakiwa. Ikifika hewani inavunjika na kuwa asidi iitwayo TFA, ambayo hunyesha na mvua na haiozi. Mapema mwaka 2023 Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Norwe na Uswidi zilipeleka Ulaya pendekezo la kubana kundi zima la kemikali za aina hiyo, zile wanazoziita kemikali za milele, na gesi yetu mpya imo kwenye kapu hilo. Yaani fundi anaambiwa leo auze shamba anunue mashine ya gesi ambayo kesho yake waliomuuzia wanajadili kuipiga marufuku. Kama huo si wendawazimu, nipeni jina lingine.

Mtu ataniambia, hayo ni ya Ulaya, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu magari yetu hatuyatengenezi. Yanakuja kwa meli kutoka Japani, na Japani iliwapa watengenezaji wake lengo la kushuka chini ya ile 150 ifikapo 2023. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8. Piga hesabu mwenyewe: magari ya gesi mpya yameanza kushuka Mombasa, na kila mwaka yatakuwa mengi zaidi, kwa nguvu ya sheria yenyewe ya Kenya. Tanzania tunaleta ya zamani zaidi na tunayatoza kodi ya uchakavu, kwa hiyo sisi tutachelewa kidogo. Kuchelewa si kuepuka.

Twende basi gereji, tulione jambo lenyewe.

Gari linaingia, AC inapuliza upepo wa vuguvugu. Fundi anafungua boneti, anatafuta kibandiko. Kimeandikwa R1234yf. Mdomo wa kujazia hauingiani na geji yake. Mtungi wa gesi hiyo, akiupata, nati yake inafungwa kinyume kama ya gesi ya kupikia, kwa sababu nayo inawaka. Mashine inayotakiwa siyo ile ya 134. Ni nyingine, isiyotoa cheche, yenye feni ya kuondoa gesi iliyovuja, yenye kipima-gesi cha kutambua kilichomo ndani ya mfumo kabla haijavuta chochote, na bei yake ni maelfu ya dola. Gesi yenyewe kwa kilo ni ghali mara nyingi kuliko 134. Halafu kuna jambo ambalo wachumi wa mezani hawalijui kabisa: viwango vya Marekani vinasema evaporeta ya gari la yf isitolewe kwenye gari chakavu na kufungwa kwenye jingine, iwe mpya, kwa sababu ya hatari ya moto ndani ya kibanda cha dereva. Gerezani nzima, Ilala yote, Grogan ya Nairobi, zinaishi kwa vipuri vilivyotumika. Ukiondoa evaporeta ya mtumba umeondoa nusu ya biashara, na mteja aliyekuwa analia juu ya bei ya kipuri cha mtumba ataanguka kabisa akitajiwa bei ya kipya.

Fundi afanyeje? Akimrudisha mteja, watoto hawali. Mashine hana. Kwa hiyo atatafuta kiunganishi cha kichina, ataachia ile gesi ya thamani ipae juu ya paa, atajaza 134, AC itapoza, mteja atashukuru na kuondoka. Kibandiko bado kinasema yf. Mwakani gari hilo litaingia gereji nyingine, kwa fundi aliyejinyima akanunua mashine halali. Ataamini kibandiko. Mashine ikikosa kipima-gesi kizuri, atavuta mchanganyiko na kuuharibu mtungi wake wote. Hivyo aliyefuata sheria ndiye anayeadhibiwa na yule ambaye sheria ilimshinda. Nani kawagombanisha hawa wawili? Wote wamefanyiwa unyama uleule.

Hapo sijagusa haibridi. Watu wanajivunia Aqua na Prius zao, zinakula mafuta kidogo, sawa. Kompresa ya AC ya gari hilo haizungushwi na mkanda. Ina mota ya umeme wa volti nyingi ndani yake, na mota hiyo inaogelea kwenye oili. Oili ya kawaida ya 134, ile ya PAG, inapitisha umeme. Kidogo tu, masalia yaliyobaki kwenye mipira ya geji baada ya kuhudumia Corolla ya asubuhi, yanatosha kuharibu ukinzani wa umeme ndani ya kompresa ya Prius ya mchana. Gari linawasha taa za hatari na kugoma, na kompresa mpya ni bei ya pikipiki. Fundi anatakiwa awe na geji za haibridi peke yake, na oili yake peke yake. Hili si suala la gesi mpya hata. Magari haya yamekuwa barabarani kwetu miaka mingi. Nimeuliza mafundi kadhaa kama kuna mtu yeyote, wa serikali au wa kampuni, aliyewahi kufika kwenye gereji yao kuwaambia. Walinitazama kama niliyeuliza kama malaika huwa wanapita pale. Wamejifunza kwa kuunguza kompresa za watu na kuzilipa.

Tena kuna mitungi feki. Bei ya gesi halali ikipanda, wahuni hawalali. Duniani imekamatwa mitungi iliyoandikwa R134a ambayo ndani yake mna kloridi ya methili, R40, sumu inayowaka. Ikikutana na alumini ya kompresa inazaa kitu kinacholipuka kikigusa hewa. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyokuwa yamejazwa gesi chafu huko Vietnam yalilipuka na kuua mafundi watatu, wawili hukohuko Vietnam na mmoja Brazil. Mafundi, siyo mawaziri. Kipima-gesi kingewaambia kilichomo. Lakini kipima-gesi, kama kawaida, ni mzigo wa fundi kujinunulia.

Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, walisema wazee, ila angalau Mnyamwezi wa msafara alilipwa ujira wake.

Sasa tuje Kigali, kwa jirani zetu. Tarehe 15 Oktoba 2016, usiku umekwenda sana, mataifa yalikubaliana kuzipunguza gesi za familia ya 134. Rwanda iliridhia 2017, Uganda 2018, na majirani wengine wakafuata. Ni makubaliano mazuri kwa tabianchi. Yanatarajiwa kuepusha hadi nusu nyuzi ya joto ifikapo mwisho wa karne, na sisi wa ukanda huu, tunaopigwa na ukame huu na mafuriko yale, tunaihitaji nusu hiyo kuliko wengi. Lakini soma ratiba. Nchi zinazoendelea ziligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza, tuliko sisi na karibu Afrika nzima, linagandisha matumizi yake 2024, linapunguza asilimia 10 mwaka 2029, asilimia 30 mwaka 2035, na kuendelea hadi asilimia 80 mwaka 2045. Kundi la pili lina India, Pakistani, Irani, Iraki na nchi za Ghuba, Oman na Saudia zikiwamo. Hao wanagandisha 2028 na kuanza kupunguza 2032. Walipata muda zaidi kwa sababu walikaa mezani wakasema: kwetu kuna joto kali, viwanda vyetu na watu wetu hawajawa tayari, hatusaini mpaka mtupe nafasi. Wajumbe wa Afrika walitaka ratiba ya haraka, na wakasifiwa kwa uungwana. Sifa hiyo imewekwa benki gani ili fundi akachukue mkopo wa mashine?

Na ratiba ya namna hii ina tabia yake. Ulaya ilipokata mgawo wake wa gesi hizi kwa kishindo mwaka 2018, bei zilipaa na magendo yakastawi, Ulaya hiyohiyo yenye polisi na kamera. Kwetu 2029 itakapofika, fundi atabanwa mbele na nyuma: 134 aliyoizoea itakuwa adimu, na yf iliyokuja kuirithi atakuwa bado haimudu. Magari ya 134 yatakuwa bado yamejaa barabarani, maana sisi gari la mwaka 2008 ni la mjini kabisa.

Najua lawama inayofuata. Mafundi ndio wanaoachia gesi hewani! Wanaachia. Nimeona kwa macho yangu nati inalegezwa, sauti ya fsss inajaza gereji, ukungu mweupe unatambaa juu ya injini, kijana anageuza uso pembeni asivute, na baada ya dakika moja kazi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni kosa. Lakini niambieni angeipeleka wapi. Mashine ya kuivuta hana. Mtungi wa kuihifadhia hana. Akiivuta, hakuna anayeinunua wala kiwanda cha kuisafisha mtaani kwake. Mteja hamlipi hata shilingi kwa saa nzima ya kuivuta. Mteja anataka baridi na anataka kuondoka. Mnamdai fundi atoe huduma kwa dunia nzima, kwa muda wake, kwa fedha yake, kisha mnamletea semina ya siku mbili yenye fulana na cheti. Fulana haivuti gesi.

Fedha zipo, msidanganywe. Mfuko wa Pamoja wa Itifaki ya Montreal upo tangu miaka ya mwanzo ya 1990, ukichangiwa na nchi tajiri kwa ajili ya nchi kama zetu. Lakini kuna fedha nyingine ambayo sijasikia mbunge hata mmoja akiitaja, nayo ndiyo inayonipandisha damu kuliko zote.

Japani ina sheria ya kurejeleza magari iliyoanza kazi Januari 2005. Mwenye gari jipya hulipa amana mapema, kabla gari halijachakaa, kwa ajili ya mambo matatu: mifuko ya hewa, mabaki yanayobaki baada ya gari kusagwa, na gesi ya AC. Amana hiyo inatunzwa hadi siku gari litakapokufa, ndipo inalipia kuivuta gesi na kuiteketeza salama. Mfumo wa kistaarabu, nawavulia kofia. Ila gari likisafirishwa nje ya Japani, anayelisafirisha anaomba amana hiyo na kurudishiwa. Soma tena taratibu. Gesi inapanda meli, inakuja Dar, inakuja Mombasa. Fedha iliyotengwa kwa ajili ya gesi hiyohiyo, ndani ya gari hilohilo, inateremka gatini na kubaki kwa msafirishaji. Gari litakufa huku kwetu, Gongo la Mboto au Kayole, gesi itatoka huku, na fundi wa huku atakayeitwa mchafuzi hatapata hata yen moja.

Huo ndio mjadala ambao nataka kuusikia bungeni, Dodoma na Nairobi, badala ya hotuba za siku ya ozoni kila Septemba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ni soko kubwa la magari ya Kijapani, na mwenye kununua ana sauti. Idai kwamba sehemu ya gesi kwenye amana hiyo isirudishwe kwa msafirishaji. Ipande meli pamoja na gari, iingie kwenye mfuko wa vifaa vya mafundi, uliofunguliwa vitabu hadharani ili fedha isigeuke posho za vikao. Kwa gari moja ni yen chache. Kwa magari yanayoshuka bandari zetu kwa mwaka, ni mashine nyingi sana.

Mheshimiwa waziri wa fedha, na wewe una lako la kufanya bila kusubiri Tokyo. Mashine ya kuvuta gesi, kipima-gesi na geji za yf visitozwe ushuru kama anasa. Mkaguzi wa viwango, mtungi ushikwe bandarini kabla haujafika Kariakoo, maana ukishafika pale umeshakuwa wa kila mtu. Vyuo vya ufundi vipeleke mwalimu gereji jioni, wakati kazi imepungua, kwa sababu fundi akifunga kibanda siku mbili kwenda semina amepoteza wateja wa wiki. Na nchi inayotaka kuzuia gari la miaka 9 lisiingie, bila kuuliza gesi iliyo ndani ya gari la miaka 7, hiyo haijafikiri bado.

Wewe msomaji mwenye gari, nawe usijifiche nyuma ya serikali. Soma kibandiko chini ya boneti yako kabla hujatoka nyumbani, umwambie fundi mapema ni gesi gani na kama gari ni haibridi. Usimlazimishe kujaza ya bei rahisi. Mfumo wako ukivuja, mwambie azibe kwanza ndipo ajaze, hata kama utarudi kesho. Na siku utakapokutana na fundi mwenye mashine ya kuvuta gesi, akakutajia bei iliyozidi ya jirani yake kwa elfu kadhaa, lipa hiyo elfu kadhaa bila kumnyanyasa. Ameinunua mashine hiyo kwa fedha yake, na mpaka ninapoandika haya hakuna mwingine aliyemchangia.